Uzi: Kwa vijana wa Amu wanaotaka kupeleka mashairi na hadithi zao kwenye majarida ya fasihi

Mwalimu wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam alaykum. Nafungua uzi huu kwa ajili ya vijana wa Amu (yaani Lamu), Shela, Matondoni, Faza na kwingineko visiwani ambao wanatunga, na wanatunga vizuri, lakini kazi zao hazijapata kuchapishwa kwenye jarida lolote. Sisemi kwamba hazisomwi. Kwetu shairi halikai sandukuni: likitungwa asubuhi, jioni limekwishaghaniwa barazani, na kabla ya Isha limekwishafika kwenye simu za jamaa walioko Mombasa na Jeddah. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze kwa kina, kwa kuwa naona linawakwamisha vijana wetu kuliko uhaba wa vipaji, kuliko intaneti na kuliko Kiingereza.

Majarida mengi ya fasihi, yawe ya Nairobi, London au Marekani, hupokea kazi ambayo bado haijachapishwa popote, na wahariri wengi huihesabu kazi kuwa imekwishachapishwa pindi inapowekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma: ukurasa wa Facebook ulio wazi, blogu, hata maelezo yaliyo chini ya video ya YouTube. Kughani mbele ya watu, iwe maulidini, harusini au kwenye tamasha la utamaduni, kwa kawaida hakuhesabiwi. Kundi la faragha la WhatsApp lenye jamaa na marafiki mara nyingi halihesabiwi pia, ingawa kila jarida lina masharti yake na ni hayo yanayofuatwa.

Simwombi kijana yeyote aache desturi ya baraza. Namwomba azigawe tungo zake. Zipo zinazodai kutoka siku hiyo hiyo: shairi la harusi, la rambirambi, la mambo ya mji, na zaidi ya yote shairi la kumjibu mshairi mwingine, kwa maana majibizano hayawezi kungoja miezi sita mpaka mhariri aseme ndiyo. Hizo ziache ziende. Lakini zipo tungo nyingine ambazo mtunzi mwenyewe anajua kwamba zina uzito wa kusomwa na mtu asiyemfahamu, asiyejua baba yake ni nani wala anakaa mtaa gani. Hizo zifungie. Msomeshe mtu mmoja au wawili unaowaamini, zirekebishe, kisha uzipeleke jaridani kabla hazijapita kwenye simu.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo ni jina. Wazee wetu walikuwa wakitia majina yao au tarehe katika beti za mwisho kwa kuwa walijua kwamba tungo zao zingenakiliwa kwa mikono ya watu wengi. Utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake mwaka 1858 ulitufikia kwa njia hiyo ya kunakiliwa, na jina lake likaja nao. Leo shairi la kijana wa miaka 17 huzunguka pwani nzima kwa juma moja, na likirudi Amu limeandikwa chini yake "mtunzi hajulikani". Nimeliona jambo hilo mara nyingi, na linaniuma. Jarida huchapa jina, tarehe na toleo, na baada ya hapo hakuna wa kukunyang'anya.

Wala kupeleka tungo kwa mhariri si mambo ya kigeni kwa Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake, na Taifa Leo limekuwa likifanya hivyo hapa Kenya kwa miongo mingi. Kijana anayetunga kwa arudhi, mwenye vina na mizani yake sawasawa, aanzie huko, kwa sababu huko atakutana na wasomaji wanaoweza kumwambia kwamba mshororo wa tatu umepungua mizani moja.

Sasa nje ya hapo. Jambo la kwanza la kutazama ni umri wako na masharti ya uraia, hata kabla ya kutazama tuzo. Tuzo za Scholastic za Marekani ni kongwe na zina sifa kubwa, lakini ni za wanafunzi wa Marekani na Kanada, kwa hiyo usipoteze jioni yako hapo. Tuzo ya Foyle, inayoendeshwa na Poetry Society ya Uingereza, ni ya washairi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi yoyote, haina ada, kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Julai, na kila mwaka huchagua washairi 100, 15 wakiwa washindi wa juu na 85 wa kupongezwa. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, linaloendeshwa na Royal Commonwealth Society tangu 1883, lina kundi la walio chini ya miaka 14 na kundi la miaka 14 hadi 18, na licha ya kuitwa la insha hupokea hata hadithi na mashairi yanayojibu mada. Kenya ni mwanachama wa Jumuiya hiyo, kwa hiyo mlango uko wazi kwa mwanafunzi wa hapa sawa na wa London. Yote mawili ni ya Kiingereza. Kwa upande wa majarida, Polyphony Lit, lililoanza Chicago mwaka 2004, ni la wanafunzi wa sekondari wa dunia nzima, na limejulikana kwa wahariri wake, ambao nao ni wanafunzi, kuwaandikia maoni wanaoleta kazi. Skipping Stones la Oregon, lililoanza 1988, limekuwa likipokea kazi za watoto na vijana katika lugha zao pamoja na tafsiri.

Aliyetimiza miaka 18 ana nafasi ambayo nashangaa vijana wa pwani hawaizungumzi vya kutosha. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, bila tafsiri na bila ada, za maneno 2,000 hadi 5,000. Kwa kawaida hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500, na mshindi wa jumla pauni 5,000. Ipo pia Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, lakini hiyo ni ya miswada mizima ya vitabu, kwa hiyo kijana mwenye mashairi manne aiweke akilini kwa miaka ijayo.

Kuhusu kuandaa kazi yenyewe sitasema mengi, kwa sababu masharti ya kila jarida hueleza. Aina ya herufi iwe ya kawaida na ya ukubwa wa 12. Hadithi iwe na nafasi mbili kati ya mistari, na kila ukurasa uwe na namba. Mashairi matatu hadi matano yaweza kwenda katika faili moja, kila shairi likianza ukurasa wake. Ikiwa jarida husoma bila kujua mwandishi ni nani, ondoa jina lako ndani ya faili na hata kwenye jina la faili. Barua ya kuambatisha iwe fupi: salamu, majina ya kazi zako, kama umezipeleka kwingine, na wasifu wa mistari mitatu. Usimweleze mhariri maana ya shairi. Shairi la tarbia, lenye mishororo minne kwa kila ubeti, lina tatizo lake la pekee: mshororo wenye vipande viwili, ukwapi na utao, ni mrefu, na ukurasa mwembamba wa simu huuvunja mahali pasipofaa, kwa hiyo peleka na nakala ya PDF ikiwa wanaruhusu, ili mhariri aone ulivyokusudia.

Karibuni kwa maswali.

Binti wa Shela

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nina miaka 16, naandika hadithi kwa Kiswahili na mashairi kwa Kiingereza. Kuna watu walionipelekea barua pepe wakasema shairi langu limechaguliwa kuingia katika mkusanyiko wa washairi bora wa dunia, lakini ili lichapwe ninapaswa kununua nakala ya kitabu na kulipia cheti. Barua imeandikwa kwa heshima sana na nyumbani wamefurahi. Naomba unieleze kama ni jambo la kweli. Swali langu la pili ni kama nihamie Kiingereza kabisa, kwa maana naona nafasi nyingi za umri wangu ziko huko.

Mwalimu wa Langoni

Mwanangu, usilipe. Barua za namna hiyo humchagua kila aliyepeleka, kwa sababu faida yao inatokana na watunzi wenyewe kununua kitabu. Mkusanyiko wa kweli una mhariri ambaye jina lake linajulikana, una kazi unazoweza kuzisoma kabla ya kupeleka yako, na mtunzi aliyechaguliwa hupewa nakala au malipo.

Usichanganye hilo na ada ya kusoma. Majarida mengi ya Marekani yanayotumia mtandao wa Submittable hutoza dola tatu au karibu na hapo kwa kila kazi inayoletwa, iwe itakubaliwa au itakataliwa. Huo si ulaghai, lakini kwa mwanafunzi wa Amu dola tatu ni fedha, na malipo yenyewe yanataka kadi ambayo mtoto hana. Baadhi huondoa ada kwa watunzi wa nchi zetu ukiwaandikia kwa adabu, na mengine hufungua siku chache za mwezi bila ada. Anza na yasiyotoza. Yapo ya kukutosha.

Kuhusu lugha, usihame. Mashairi yako ya Kiingereza yana umri wa kwenda Foyle mwaka huu na mwaka ujao, basi yapeleke. Hadithi zako za Kiswahili endelea kuzikuza, kwa kuwa ukifika miaka 18 utakuwa na hadithi zilizokomaa za kupeleka kwenye tuzo niliyoitaja, wakati wenzako ndio kwanza wanaanza kuandika. Na kama unataka mfano wa karibu, mtazame Idza Luhumyo, aliyezaliwa Mombasa. Hadithi iliyompa Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika kwa Kiingereza, mwaka 2022 ilikuwa imetoka kwanza katika mkusanyiko wa Short Story Day Africa. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alipata tuzo hiyo hiyo kwa kazi iliyokuwa imechapishwa kwenye jarida la mtandaoni, na mwaka uliofuata jarida la Kwani?, aliloliasisi, likaanza Nairobi. Kazi zile hazikuanzia kwenye Tuzo ya Caine. Zilianza na mhariri aliyekubali kuzichapa.

Mshairi wa Matondoni

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nina neno. Mimi hutunga kwa Kiamu, lugha niliyonyonya kwa mama, na sioni kwa nini shairi la Kiamu lipimwe na mhariri wa Nairobi ambaye atalisahihisha liwe Kiswahili cha shuleni, au na mtu wa London asiyejua mizani ni kitu gani. Hapa Amu kuna wazee ambao wakitikisa kichwa kwa ubeti mmoja, mtunzi amepata cheo kuliko cheti chochote. Huoni kwamba unawafundisha vijana kutafuta hukumu mbali na wenye kujua?

Mwalimu wa Langoni

Ndugu yangu, neno lako ni zito na nusu yake nakuunga mkono. Hukumu ya arudhi iko hapa, na kijana asiyeweza kulisimamisha shairi lake mbele ya wazee wa Amu asikimbilie kwa mhariri wa ng'ambo kutafuta faraja. Ninachokikataa ni kwamba mambo haya mawili yanapingana. Mzee wa baraza ataliona kosa la kina lakini hawezi kukufikishia shairi kwa msomaji wa Zanzibar, wa Lubumbashi wala wa Nairobi, na wasomaji hao nao wana haki ya kuijua lahaja yetu katika tungo za leo, si katika miswada ya kale pekee.

Kuhusu Kiamu, usikubali kibadilishwe kimyakimya. Andika sentensi moja katika barua yako ya kuambatisha: kwamba shairi limetungwa kwa lahaja ya Kiamu na tahajia yake ni ya makusudi. Weka maelezo mafupi ya maneno machache mwishoni, yasiyozidi mistari mitano, kisha uombe uoneshwe nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa. Mhariri mwema hukubali. Akikataa, ondoa shairi lako kwa heshima na ulipeleke kwingine, kwa sababu bado ni lako.

Msomaji wa Malindi

Naomba niongeze kutoka upande wa pili. Nimekuwa nikijitolea kusoma kazi zinazoletwa kwenye jarida dogo la mtandaoni, na ningependa vijana wajue kinachotokea kazi ikishafika. Haiendi kwa mhariri mkuu moja kwa moja. Husomwa kwanza na watu kama mimi, wawili au watatu, jioni baada ya kazi zetu, na kila mmoja ana rundo. Kazi nyingi tunazoziacha si mbovu. Tunaziacha kwa kuwa hadithi inaanza ukurasa wa tatu na kurasa mbili za mwanzo zinaeleza hali ya hewa na ukoo mzima wa mhusika, au kwa kuwa mtunzi hajapata kusoma hata toleo moja la jarida letu na ametuletea kitu tusichochapa.

Kwa vijana wa Lamu nina ombi la pekee. Tunapokea hadithi nyingi za huko zinazomwelekeza mgeni kama mwongoza watalii: milango iliyochongwa, majahazi, vichochoro, punda. Kwa mwenyeji vitu hivyo havielezwi hivyo. Mtu aliyezaliwa mtaa wa Mkomani hapiti akistaajabia mlango wa jirani yake, bali anajua nani amefariki ndani ya nyumba ile, na nani anadai kodi. Tuandikieni hayo.

La mwisho ni kuhusu barua za kukataa. Ikiwa barua ni ile ya kawaida iliyo sawa kwa wote, haikuambii lolote kuhusu kazi yako, kwa hiyo usitafute maana ndani yake. Ikiwa mhariri ameitaja hadithi yako kwa jina, amesema kilichompendeza na ameomba ulete nyingine, basi amesema kweli, kwa kuwa hatuna muda wa kumwandikia hivyo kila mtu. Mpelekee nyingine baada ya miezi michache, na umkumbushe maneno yake.

Mzazi, Langoni

Nashukuru kwa maelezo haya. Binti yangu ana miaka 14 na anapenda sana kuandika. Mimi na mume wangu hatupingi, lakini tuna wasiwasi juu ya jina lake na picha yake kubaki mtandaoni milele, na juu ya kuweka saini karatasi ambazo hatuzielewi. Je, wakichapa shairi lake wanakuwa wamelinunua?

Mwalimu wa Langoni

Dada yangu, wasiwasi wenu ni wa haki, na ningependa kila mzazi aulize hivyo. Kwa mtoto wa umri huo, majarida yanayoaminika huomba idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na lisiloomba idhini hiyo lina kasoro. Picha si lazima. Mweleze mhariri kwamba hamtaki picha, au mtumie picha ya kitu kingine. Jina la kalamu linakubalika mahali pengi ilimradi mhariri ajue jina halisi. Wasifu usitaje shule wala mtaa: "anaishi pwani ya Kenya" yatosha. Namba ya kitambulisho cha mzazi au ya benki isitolewe kabla kazi haijakubaliwa na malipo hayajatajwa.

Kuhusu umiliki, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtunzi haki tangu kazi inapoandikwa, bila kusajili, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Jarida la kawaida huomba haki ya kuchapa mara ya kwanza tu, kisha haki zote humrudia mtunzi, ambaye baadaye anaweza kulitia shairi hilo katika diwani yake akitaja lilikotoka kwanza. Someni masharti mkitafuta sentensi inayosema kwamba mtunzi anaachia haki zote, au anaziachia kwa muda usio na mwisho, au kwamba kazi zote zilizoletwa, hata zilizokataliwa, zinakuwa mali ya waandalizi. Mashindano mengine huficha sharti hilo chini kabisa. Mkiliona, msipeleke, hata kama tuzo ni kubwa. Na kama Kiingereza cha karatasi ni kigumu, leteni hapa sentensi yenyewe tuisome pamoja.

Kijana wa Faza

Mwalimu, shairi langu nimelipeleka jarida moja tangu mwezi wa Ramadhani na sijajibiwa. Je, naruhusiwa kulipeleka jingine?

Mwalimu wa Langoni

Rudi kwenye masharti yao utafute mambo mawili: muda wanaosema wanajibu, na kama wanakubali kazi iliyopelekwa kwingine wakati huo huo. Miezi mitatu hadi sita ni ya kawaida. Ikiwa wanakubali, peleka leo hii, lakini uandike wazi katika barua kwamba shairi liko pia mahali pengine. Jarida la pili likilikubali, mwandikie mhariri wa la kwanza siku hiyo hiyo uliondoe shairi, kwa kuwa hakuna kinachowaudhi wahariri kama kukubali kazi na kugundua kwamba imekwishatoka kwingine, na wahariri hujuana.

Ikiwa hawakubali, ngoja muda wao upite, kisha uwaandikie mistari miwili ya kuuliza, ukitaja jina la shairi na tarehe uliyopeleka. Majuma matatu yakipita bila jibu, waandikie kwamba unaliondoa, na baada ya hapo uko huru. Weka daftari lenye safu nne: kazi, jarida, tarehe ya kupeleka na jibu. Wengi hulipuuza hilo mpaka wanapokuwa na mashairi kumi nje na hawakumbuki lipi liko wapi.

Na maadamu limekaa tangu Ramadhani, nitumie nakala ya masharti yao usiku huu nami nitayasoma kabla ya alfajiri.